Ordinatere ya kompani: juu ya nini funguo haiko mu mukono yako?

Wafanyakazi wengi wa mine wanapewa ordinatere ya kubeba, lakini hawana ruhusa ya kuweka ndani hata programu moja. Wengi wanaona ni zarau. Tuangalie pamoja ile kadena inalinda nini, inalinda nani, na siku gani inageuka muzigo.

Saa kumi na mbili ya magaribi, mu Kolwezi. Basi ya kompani inashusha watu wa posti ya muchana. Baba mmoja, kapita, anaingia mu lopango yake, anavua viatu vya kazi, anaweka kaske juu ya kabati na ordinatere ya kompani juu ya meza. Raporti ya posti haijaisha. Anataka kuitosha ku karatasi usiku huu, asubui aende nayo mukononi. Emprimante iko, mutoto wake wa univerzite aliinunua. Lakini anapoifunga ku ordinatere, kadirisha kanatokea: kanalomba jina na neno la siri la "administrateur". Baba hana.

"Papa," mutoto anacheka, "weye ni kapita, batu makumi tatu beko chini yako, na hauna ruhusa ya kuweka hata emprimante?"

"Njo vile," baba anajibu. "Batu ba biro banatuona siye wote sawa bezi."

Mama iko anasonga bukari, lakini anasikia yote. Anauliza neno moja tu: "Na kama mwizi wa kweli anakamata ile mashini leo usiku, anaweza kufanya nini nayo?"

Hakuna anayejibu. Kisa hiki ni mfano, lakini wasomaji wetu wengi watajiona ndani. Swali la mama njo tunalichukua leo.

Administrateur ni nani?

Kila ordinatere yenye Windows inajua watumiaji wa namna mbili. Wa kwanza ni mutumiaji wa kawaida. Anafungua barua zake, anaandika raporti, anajaza mahesabu ya tani na ya mafuta, anaangalia plan ya kariere. Kazi yake yote inaweza kupita pale. Wa pili ni administrateur. Huyu anaweza kuweka programu na kuiondoa, kuzima ulinzi wa virusi, kufungua mafaili ya kila mutu mwenye kutumia mashini ile, kuumba watumiaji wapya, na kubadilisha hata namna mashini inavyoamka asubui.

Zamani, wakati wa Windows XP, karibu kila mutu alikuwa administrateur pasipo kujua. Mashini ilitoka mu magazini hivyo. Tangu Windows Vista, mwaka 2007, Microsoft ilileta kale kadirisha kenye kuuliza kama kweli unaruhusu programu ibadilishe mashini. Watu walikachukia, na hata leo wengi wanafinya "Oui" pasipo kusoma. Lakini ilikuwa mwanzo wa kutenganisha kazi ya kila siku na funguo za nyumba.

Sheria ya kushika ni moja, na ukiielewa umeelewa yote yanayofuata: programu inatembea na ruhusa za yule aliyeifungua. Kama weye ni mutumiaji wa kawaida, programu uliyofungua inaweza kufanya paka yale mutumiaji wa kawaida anaweza. Kama weye ni administrateur, programu pia ni administrateur. Virusi haina mikono yake. Inakopa mikono yako.

Ikikopa mikono ya administrateur, inazima kwanza ulinzi. Kiisha inajificha ndani sana, fasi ambayo hata kuizima na kuiwasha mashini hakuitoshi. Kiisha inatafuta maneno ya siri ya watu wengine waliowahi kufungua mashini ile, kwa mfano fundi wa enformatiki aliyekuja wiki iliyopita kutengeneza kitu. Na maneno yale inaenda kuyajaribu ku mashini ya jirani.

Ile tunajua tayari ku mine

Watu wa mine hawahitaji kufundishwa hii mambo kutoka mwanzo, juu wanaiishi kila siku. Depo ya baruti haifunguliwi na kila mutu. Dereva wa dumper ya tani mia moja anaaminiwa na chombo cha bei kubwa kuliko nyumba zote za avenue yake, lakini funguo ya depo ya baruti hana, na halalamike. Iko fundi wa baruti, yule wanaita boute-feu, aliyesomea na kupewa karatasi ya ruhusa. Na huyu naye hatembei na baruti mu mufuko kwenda nayo kunywa.

Angalia tena konsinyasyo. Mbele ya mekanisien kuingia ndani ya konkasere, umeme unakatwa na anaweka kadena yake mwenyewe yenye jina lake. Hakuna anayesema kadena ile inamuonyesha mwenzake kuwa mwizi. Iko pale juu mutu mwema, mwenye akili, mwenye miaka makumi mbili ya kazi, anaweza kukosea siku moja asubui, na mashini haimuulizi kama alifanya makusudi.

Ordinatere ni vile. Wizi wa leo haumutafuti mutu mubaya ndani ya kompani. Unatafuta mutu mwema mwenye kuchoka, ambaye amepata barua ya "facture" saa tano ya usiku na anaifungua haraka apate kulala.

Norwei, 2019: barua moja, kompani nzima

Usiku wa kuamkia tarehe 19 mwezi wa tatu 2019, wezi walishambulia Norsk Hydro, kompani kubwa ya aluminyumu ya Norwei, yenye wafanyakazi elfu 35 mu nchi 40 hivi. Walitumia virusi yenye jina LockerGoga: inafunga mafaili kwa siri, kiisha inaacha barua ya kulomba makuta. Ordinatere karibu elfu 22 ziliguswa, mu fasi 170. Asubui wafanyakazi walipofika walikuta karatasi zimebandikwa ku milango: musifunge mashini yoyote ku rezo.

Mambo yalianza namna gani? Miezi mitatu mbele, mufanyakazi mmoja alifungua faili iliyokuja na barua. Barua haikutoka kwa mutu asiyejulikana, ilitoka kwa kliyan waliyemuamini. Mufanyakazi yule hakufanya kitu cha ajabu. Alifanya ile siye wote tunafanya mara kumi kwa siku. Lakini kupitia mulango ule mudogo wezi waliingia, wakatembea polepole ndani ya rezo, mpaka wakashika funguo za administrateur za kompani. Siku waliposhika zile funguo, hawakuhitaji tena kuvunja mulango hata mmoja. Kompani yenyewe, kwa sauti ya administrateur wake, njo iliyosambaza virusi ku mashini zake.

Hydro ilikataa kulipa wezi. Ilirudia karatasi na bic. Fundisho hapa ni kubwa kwa watu wa mine: viwanda vingine viliendelea kutembea kwa mukono, juu walikuwa bado na watu wenye kujua kazi pasipo ordinatere. Hata wazee waliokuwa wameingia pansio walirudi kusaidia. Mafaili yalirudishwa kutoka kopi zilizokuwa zimewekwa pembeni. Lakini hasara ilipita dola milioni 50.

Sasa fikiri vile vitu hapa kwetu. Mu ordinatere za kompani ya mine mna plan ya minage, mahesabu ya tenere ya mukuba na ya kobalti, orodha ya malori, kipimo cha maji ya pompu. Mna pia majina yetu, namba zetu za banki, majibu ya hospitali ya watoto wetu, na masaa tuliyofanya. Kama seva ya mishahara imefungwa tarehe 25, lopango gani itakosa mufuko wa unga mwisho wa mwezi? Ile ya mwizi haitakosa.

Mashini moja ya Ghana

Miaka miwili mbele ya Hydro kulikuwa kisa kingine. Tarehe 27 mwezi wa sita 2017, virusi NotPetya ilitoka Ukraine, ikiwa imefichwa mu programu ya hesabu ambayo kompani nyingi za kule zilitumia. Kompani zile zilipokea kile walichofikiri ni mise à jour ya kawaida. Ndani ya masaa, ilifika Maersk, kompani ya Denmark yenye meli za kontenere dunia yote.

NotPetya ilikuwa na ujanja mmoja mubaya sana: ilisoma maneno ya siri yaliyobakia mu kumbukumbu ya mashini moja, na ilitumia yale maneno kufungua mashini zingine. Fasi ambapo neno la siri la administrateur lilikuwa lilelile ku mashini zote, ilikuwa sawa avenue ambayo nyumba zote zinafunguka na funguo moja. Mwizi anaokota funguo mu nyumba ya kwanza, na avenue yote ni yake.

Seva za Maersk zenye kushika orodha ya watumiaji wote wa kompani ziliharibika, dunia nzima. Moja tu ilipona. Ilikuwa Ghana, na ilipona juu umeme ulikuwa umekatika kule na haikuwa ku rezo saa ile. Kopi ile ilibebwa kwa mukono mu ndege, kutoka Ghana mpaka Nigeria, kiisha mpaka Uingereza, na njo iliyosaidia kusimamisha kompani tena. Mukubwa wa baraza la Maersk alisema kiisha kwamba walirudishia seva 4.000 na ordinatere 45.000 ndani ya siku kumi. Hasara ilihesabiwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Siye wa hapa tunajua kulalamikia umeme kukatika. Siku ile ulikuwa baraka. Lakini kompani haiwezi kujenga ulinzi wake juu ya bahati ya namna ile.

Kadena njema iko namna gani?

Kukataza tu hakutoshi. Kompani yenye kufanya kazi vizuri inaweka mambo kama matano pamoja.

La kwanza, kila mashini inakuwa na neno lake la siri la administrateur, refu, tofauti na la mashini ingine, lenye kujibadilisha lenyewe. Microsoft ilitoa chombo cha kazi hiyo mwaka 2015, kinaitwa LAPS, na tangu mwezi wa ine 2023 kimeingia ndani ya Windows yenyewe. Mwizi akiokota funguo ya nyumba yako, ya jirani haifunguke nayo.

La pili, kunakuwa orodha ya programu zilizokubaliwa, ambazo mufanyakazi anachukua mwenyewe pasipo kulomba mutu. Kompani zingine zinaweka dirisha lenye jina "Portail d'entreprise": unafungua, unachagua programu ya kusoma plan au ya emprimante, inaingia yenyewe. Funguo haikupita mu mukono yako, lakini kazi imefanyika.

La tatu, kunakuwa fundi wa karibu, na namna ya kupewa ruhusa kwa saa moja, kwa kazi moja, yenye kuandikwa mu buku. Topografe aliye mu kariere na apareyi mupya hawezi kungojea mpaka Juma Tatu.

La ine, diski ya mashini inafungwa kwa siri. Ku Windows programu yake ni BitLocker. Hapa tunajibu mama. Watu wengi wanafikiri neno la siri la kufungulia mashini linatosha. Hapana. Kama diski haikufungwa, mwizi anafungua skuru, anatosha diski, anaiweka mu mashini yake, na anasoma kila kitu pasipo kujua neno lako. Kama imefungwa na BitLocker, anakuta paka herufi zisizo na maana. Amepata chuma na plastiki ya kuuza, lakini majina yetu hakuyapata. Na mutumiaji asiye administrateur hawezi kuzima ile BitLocker, hata kwa kukosea.

La tano, mise à jour na kopi. Mise à jour zinaingia zenyewe mashini ikiwa ku rezo ya kompani au ku intaneti. Mashini iliyofungiwa mu kabati miezi mitatu inarudi kazini na milango wazi ambayo wengine wamekwisha kufunga. Iwashe hata mara moja kwa wiki. Kopi nazo ni lazima, juu kadena ya administrateur haizuie kila kitu: virusi yenye kuingia kwa mutumiaji wa kawaida bado inaweza kuharibu mafaili yake mwenyewe, na yale ya dosie ya pamoja ambayo ana ruhusa ya kuandika ndani. Moto unakuwa mudogo, lakini ni moto. Na neno la siri ulilompa mutu ku telefone, hakuna kadena inayoweza kulirudisha.

Siku ile kadena inageuka muzigo

Tuseme pia ukweli wa upande mwingine. Mambo ambayo wafanyakazi wanalalamikia si ya bure.

Mutu analomba programu Juma Tatu, anajibiwa Alhamisi, na jibu ni "tutaangalia". Raporti inangojewa saa kumi na mbili. Anafanya nini? Anachukua ordinatere yake ya nyumbani, anajitumia mafaili ku WhatsApp, anatengeneza raporti kule, anairudisha na kle USB. Kazi imeisha, shefu amefurahi. Lakini plan ya kariere sasa imelala mu mashini ambayo watoto wanachezea, na kle ile ilipita jana mu fotokopi ya pembeni ya soko, fasi kle za watu mia zinapita kwa siku. Kompani ilifunga mulango wa mbele kwa kadena kubwa, na watu wote wanapita mu dirisha.

Kwa hiyo wakubwa wa kazi wanapaswa kusikia: kadena pasipo fundi wa kuitikia haraka inazaa hatari mupya. Kama kompani inaondoa funguo mu mikono ya watu mia tano, iweke watu wa kutosha wa kujibu ku telefone, hata posti ya usiku, hata siku ya Mungu. Mine hailali.

Na sheria iwe ya wote. Mu kariere, direktere akishuka anavaa kaske sawa sisi. Kama direktere mwenye kusafiri na mashini yenye siri zote anaachiwa kuwa administrateur juu ni mukubwa, kadena ya kapita haina kazi. Wezi wanamutafuta yeye kwanza. Hata watu wa enformatiki wenyewe, kazi yao ya kila siku, ya barua na ya kutembea ku intaneti, waifanye na jina la kawaida. Jina la administrateur walifungue paka wakati wa kutengeneza, kiisha walifunge. Mufanyakazi akiona hivyo, hatasema tena kwamba wanamuona mwizi.

Kuna neno lingine lenye kuumiza: woga. Mutu amepoteza mashini mu taxi, au amefinya ku barua mubaya, na ananyamaza siku mbili juu anaogopa kukatwa mushahara. Siku mbili zile njo wezi wanazitafuta. Masaa ya kwanza mafundi wanaweza kufunga jina lake, kubadilisha maneno ya siri, hata kutuma amri ya kufuta mashini siku itakapoingia ku intaneti. Kompani yenye akili inasema wazi: mwenye kutuambia haraka hatapata malipizi juu ya kukosea. Sendika zingelomba neno hili liandikwe.

Nani anaangalia?

Watu wanauliza pia kama kompani inaona yale wanafanya ku mashini. Ujibu ni ndiyo, inaweza kuona mengi: programu gani ziko ndani, mashini iliwaka saa ngapi, mara nyingi hata fasi gani za intaneti ilitembelea. Ni mali ya kompani, na siku ya kuachana itaifuta yote. Kwa hiyo picha za ndoa, karatasi za lopango, mambo ya banki yako na ya hospitali, usiyaweke mule. Weka ku kitu chako.

Lakini kompani nayo iko na sheria juu yake. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inchi yetu iko na Code du numérique, yenye kusema juu ya ulinzi wa habari za mutu binafsi na yenye kuweka malipizi kwa mutu anayeingia mu ordinatere ya mwingine pasipo ruhusa. Ni haki ya mufanyakazi kuuliza: munaangalia nini ku mashini hii, na juu ya nini? Kompani njema inaandika jibu ku karatasi, inasainishwa siku ya kupewa mashini.

Ku lopango yako pia

Hii mambo haiko ya kompani tu. Nyumba yenye ordinatere moja na watoto wane inaweza kufanya vilevile leo jioni, pasipo kulipa hata franga. Ku Windows, fungua "Paramètres", kiisha "Comptes", kiisha "Autres utilisateurs". Umba jina moja la administrateur lenye neno la siri ambalo baba na mama tu wanajua. Kiisha jina la kila siku, la masomo na la muziki, ulifanye kuwa "Utilisateur standard". Mutoto akikuta muchezo ku intaneti na mashini ikalomba funguo, atakuja kuuliza. Yale mazungumuzo yana faida kuliko programu yoyote ya kukamata virusi.

Na mutu akikuletea programu ya kufungulia Windows au Word pasipo kulipa, na akakuambia "zima kwanza antivirusi", jua ya kuwa amekulomba utoshe mulinzi ku mulango mbele yeye hajaingia. Mukatalie kwa heshima.

Turudie kwa baba yetu wa Kolwezi. Usiku ule hakutosha raporti. Asubui alienda mapema, akaitosha ku emprimante ya biro, na mbele ya kushuka alipita kwa mafundi wa enformatiki. Aliuliza maswali matatu: emprimante ya nyumbani inaweza kuwekwa ku orodha? Diski yangu imefungwa? Nikipoteza mashini usiku, napiga namba gani? Kwa swali la kwanza walimwambia angojee. Kwa la pili waliangalia, ikawa ndiyo. Kwa la tatu, namba waliiandika ku kakaratasi, na baba alikabandika mu kifuniko cha ndani cha kaske yake, pembeni ya namba ya watu wa sekuristi.

Ile ya tatu, musomaji, uiulize weye pia. Uiulize leo, mbele ya basi ya jioni.